Yatima hadeki? Kwa nini Frida analia mwisho wa Estiu 1993

Dada yangu wa Mwanza, swali lako nimekaa nalo siku nne kwa sababu sikutaka kulijibu kwa haraka haraka. Nalifupisha hapa ili wengine nao wafuate: umeangalia muvi ya Estiu 1993 ya Carla Simón, yule dairekta wa Hispania, na ukafika mwisho ukaachwa njia panda. Mtoto Frida, yatima wa miaka sita, kahangaika muvi nzima kuzoea nyumba ya mjomba wake, mambo yamekaa sawa, wanarukaruka kitandani wanacheka, mara ghafla anaangua kilio, muvi ikaisha. Unauliza analia nini sasa wakati kila kitu kimeshatulia, na je Marga, mke wa mjomba, ni mtu mbaya au sio. Halafu chini kabisa, kama mtu anayesema kitu akiwa ameshashika kitasa cha mlango, umeandika kwamba na wewe unalea mtoto wa marehemu wifi yako, ana miaka minane, kaja kwenu tangu Januari, na hajalia hata siku moja. Mama mkwe anasema mtoto kazoea. Wewe huna uhakika.

Nianze na muvi maana hiyo ndiyo kazi yangu, nafundisha uandishi wa skripti na kuchambua filamu na hii nimeionyesha darasani mara nyingi kiasi kwamba najua kabisa wanafunzi watakaa kimya kwenye sini gani, yaani kipande gani cha tukio.

Jibu fupi ni kwamba Frida analia kwa sababu mambo yametulia. Ila hilo jibu peke yake halitoshi, inabidi urudi mwanzo kabisa kwenye dakika za kwanza, zile ambazo wengi tunaziangalia huku bado tunatafuta mto wa kuegemea. Ni usiku, Barcelona, fataki zinalipuka angani, watoto wanacheza mtaani, na mtoto mmoja wa kiume anamwangalia Frida anamuuliza mbona hulii. Basi, hana nia mbaya, anauliza kama watoto wanavyouliza. Frida hajibu. Baadaye tunamwona ndani amesimama na mdoli wake, watu wazima wanapita wanafungasha vitu vya nyumba kwenye maboksi, kamera iko chini usawa wa macho yake, yaani watu wazima tunawaona viuno na mikono zaidi kuliko sura, na sauti zao zinakuja vipande vipande. Mama yake kafa. Baba alishatangulia. Hakuna anayechuchumaa kumwambia mtoto kitu kinachoeleweka.

Kwa hiyo lile swali la "mbona hulii" linaulizwa mwanzoni kabisa na muvi inachukua zaidi ya saa moja na nusu kulijibu. Ukiishika hiyo, ule mwisho hauwezi tena kuonekana kwako kama wa ghafla.

Katikati hapo sio kwamba Frida hatoi machozi au kelele, hapana, mtoto anagoma, anang'ang'ania, bibi na babu wakija kumtembelea na kutaka kuondoka anafanya fujo ya kutaka aondoke nao. Lakini hicho ni kilio cha kutaka kitu. Wewe ni mama unajua tofauti, kilio cha kutaka pipi na kilio cha msiba havifanani hata mlio. Cha msiba kilikuwa hakijatoka.

Sasa hapa ndipo lugha yetu inanisaidia kuliko maandishi yote ya wahakiki wa Ulaya niliyowahi kusoma juu ya hii muvi. Tuna msemo wetu wa zamani, yatima hadeki. Tunausema kama ushauri, mara nyingine kama onyo, maana yake mtoto asiye na wazazi asitegemee kubembelezwa, ajifunze mapema kukaza. Na kudeka ni neno zito kweli, mtoto hadeki kwa mtu yeyote tu, anadeka kwa yule ambaye moyoni ana uhakika hatamtupa. Mtoto akianguka shuleni anaamka anajifuta vumbi, akifika nyumbani akimwona mama ndo analia, wakati kidonda kilishakauka. Sote tumeona hiyo. Ukiniuliza Estiu 1993 inahusu nini kwa sentensi moja nitakwambia inahusu mtoto anayepima kama kwenye hii nyumba mpya anaruhusiwa kudeka. Anapima kwa vituko, kwa uongo, kwa ukatili hata. Na pale kitandani mwisho ndo anapata jibu, na mwili wake unajua kabla ya akili, na ndio maana wakimuuliza analia nini anasema hajui. Hajui kweli, haigizi.

Angalia anavyopima. Kuna ile sini ya mchana nje ya nyumba ambayo mi naiona ni bora kuliko zote. Frida kajipaka mapambo ya kikubwa usoni, kajivika manyoya shingoni, kajilaza kwenye kiti kama bibie, anacheza kuwa mama. Anna, binti wa mjomba, mdogo kwake, ndo mtoto kwenye huo mchezo. Anna anataka wacheze, Frida anamjibu kwa sauti ya kivivu kwamba amechoka, mwili wote unamuuma, mwache apumzike. Anna anaomba tena. Kachoka. Sini inaenda taratibu, kamera haikati, tunacheka kidogo kwa sababu watoto wanachekesha, halafu kicheko kinakwama kooni maana tunagundua huyu mtoto anatuonyesha mama yake alivyokuwa siku za mwisho, mgonjwa, hana nguvu ya kucheza naye. Hatumwoni mama kabisa kwenye muvi nzima, hakuna kumbukumbu ya ukungu ukungu na kinanda, hakuna mzimu. Tunamwona hapo tu, kwenye mwili wa bintiye.

Nasema hivyo nikiwa nakumbuka Hispania wana utamaduni mrefu wa muvi za watoto wenye msiba, kubwa kuliko zote labda ni Cría cuervos ya Carlos Saura ya mwaka 1976, watoto watatu wa kike yatima wanalelewa na shangazi mkali Madrid, na pale mama marehemu anatokea kabisa, anaingia chumbani anamchana mtoto nywele, Geraldine Chaplin anaigiza. Jina lenyewe ni nusu ya methali yao, fuga kunguru watakudonoa macho, kwa hiyo unaweza kuona mtoto wa kulelewa anavyotazamwa hapo. Simón kaenda kinyume. Kamnyima Frida hata hiyo ndoto ya kumwona mama. Frida anachofanya ni kupeleka zawadi kwenye sanamu ya Bikira Maria iliyoko kule msituni, anaacha vitu pale, sigara zikiwemo, kwa ajili ya mama. Sigara! Mtoto wa miaka sita anajua mama yake alipenda nini.

Halafu Anna. Hapa ndipo ulipoandika umemchukia Frida, na sikulaumu. Anamwambia Anna asiguse midoli yake, anajisifu anayo mingi kwa sababu watu wanampenda sana, na siku moja anamchukua mpaka msituni anamwacha huko, akiulizwa yuko wapi anajifanya hajui, mpaka mtoto anapatikana kavunjika mkono. Muvi nyingine ingeweka muziki wa kutisha hapo. Hii haiweki. Frida ana wivu mchungu sana, Anna ana mama anayeitika akiitwa, na hilo ndilo kosa pekee la Anna.

Na Anna, jamani, ndo mwenye moyo kwenye hii hadithi. Usiku ule Frida anafungasha vitu vyake anataka kutoroka, Anna anamuuliza unaenda wapi, Frida anasema naondoka hapa hakuna anayenipenda, na Anna anamjibu mimi nakupenda. Basi, hakuna hotuba. Frida anatoka nje, giza la shamba lile la kwelikweli, anarudi anasema kuna giza sana, ataenda kesho. Kila nikifika hapo huwa najikuta natabasamu huku macho yamelowa, kwa sababu kesho yenyewe haiji, na kila mtu ndani ya nyumba anajua haiji.

Sasa Marga. Umeuliza kama ni mbaya na nimeona swali lako lina kidonda ndani yake kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kwanza undugu wenyewe. Esteve ni kaka wa marehemu mama, kwa hiyo ni mjomba kamili. Marga ni mke wa mjomba, mkaza mjomba kama wazee wa pwani wanavyosema. Hana damu na huyu mtoto. Alikuwa na maisha yake, mume, binti mmoja, nyumba ya shamba kule Garrotxa, kaskazini ya Catalonia, na ghafla ana watoto wawili na mmoja wao anamkomoa kila siku. Na juu ya hapo kuna wakwe. Bibi na babu na mashangazi wakija kutoka Barcelona wanakuja na zawadi, na huruma, na kumdekeza mtoto kupita kiasi, bibi anamfundisha Baba Yetu aisali kwa ajili ya mama yake, na kila kitu Marga anachokataza wao wanakilainisha, halafu jioni wanapanda gari wanaondoka na Marga anabaki na mtoto aliyevurugwa. Anayesema hapana ndo anaonekana mkatili, na anayekuja mara moja kwa mwezi na begi la zawadi ndo mwenye upendo. Nadhani hapo sihitaji kukueleza zaidi, wewe unaijua hiyo meza ya chakula.

Kwangu mimi Marga ndiye mhusika mkubwa wa muvi hata kuliko Frida, na uzuri wake ni kwamba hampendi mtoto haraka. Ndio, nimesema uzuri. Muvi za uongo zingemfanya amkumbatie mtoto dakika ya kumi. Bruna Cusí alivyoigiza, unamwona anachoka, anakasirika, kuna muda anamwogopa huyu mtoto kwa ajili ya bintiye, na bado asubuhi anaamka anachana vichwa viwili, anaandaa vikombe viwili. Cusí alipata Goya, tuzo kubwa ya filamu ya Hispania, ya mwigizaji mpya mwaka 2018 na David Verdaguer aliyecheza Esteve akapata ya mwigizaji msaidizi, Simón mwenyewe akachukua ya dairekta mpya, na kabla ya hapo 2017 tamasha la filamu la Berlin walishampa tuzo ya filamu bora ya kwanza. Zilistahili zote.

Kuna sini moja inayoniambia Marga ni nani. Frida anacheza na watoto wa kijijini, anaanguka goti linachubuka damu inatoka, na mama wa mtoto mwingine anapata kiwewe, anamvuta mwanae asiguse. Hapo ndo tunaelewa mama wa Frida alikufa na nini. Muvi haisemi ugonjwa kwa mdomo mpana, tunaona mtoto akipelekwa kupimwa damu, tunasikia minong'ono ya dukani ya kumhurumia, na hiyo hofu ya damu kwenye goti la mtoto. Na Marga, ambaye mtoto anamnyanyasa nyumbani, hapo mbele za watu anasimama upande wa mtoto.

Ilikuwa ukimwi. Baada ya dikteta Franco kufa mwaka 1975 Hispania ilifunguka ghafla, vijana wakaonja uhuru, na heroini ikaingia kwa kasi, watu wakachangia sindano, na miaka ya themanini mpaka tisini nchi ile ikawa kati ya zilizoumizwa sana na ukimwi Ulaya magharibi. Dawa za mseto za kupunguza makali ya ukimwi zilikuja 1996. Mama wa Simón alifariki 1993, dairekta akiwa na miaka sita, baba alishafariki kabla, na yeye akapelekwa kwa mjomba kule Garrotxa. Yaani hii muvi ni maisha yake, aliitengeneza kwa kumkumbuka mama yake.

Na sisi hatuhitaji kuelezewa hilo. Tanzania wagonjwa wa kwanza walijulikana Kagera 1983, watu wakauita Juliana kabla haujapata jina, baadaye ikawa ngoma, ikawa miwaya, kila jina isipokuwa lenyewe, na dawa za bure zilianza kutolewa 2004. Hesabu miaka hapo katikati. Ni watoto wangapi walihamishwa na begi la shati mbili kwenda kwa mjomba, kwa bibi, kwa baba mkubwa, wakaambiwa mama kasafiri. Mi mwenyewe nimekua na binamu wawili walioletwa hivyo nyumbani kwetu, usiku, kwenye lori la mizigo, na tukaambiwa watoto tusiulize maswali. Tulilala kitanda kimoja miaka na hatukuwahi kuuliza. Nilipoiona Estiu 1993 mara ya kwanza sikuiona kama muvi ya Wazungu hata kidogo, niliona lile godoro.

Kwa hiyo ukimya. Hapa ndo nataka uangalie vizuri kwa sababu ndicho kinachofungua ule mwisho. Muvi nzima watu wazima wanaongelea mambo ya Frida akiwa hapohapo, au chumba cha pili, kwa sauti za chini, wakiamini haelewi. Na yeye anasikia kila kitu, ila vipande. Kisha karibu na mwisho, likizo inaisha, shule inakaribia kufunguliwa, Frida anamuuliza Marga mwenyewe mama yangu alikufaje. Hakumuuliza mjomba mwenye damu. Kamuuliza Marga. Na Marga anamjibu, hamkwepi, hamwambii mama yuko na malaika, anamweleza kwa maneno madogo ya kawaida kwamba aliugua na madaktari hawakuweza kumponya, na mtoto anauliza tena, na anajibiwa tena. Hakuna anayelia hapo! Mazungumzo ya kawaida kabisa, kama mtu anauliza ugali unasongwaje. Ndipo baada ya hapo inakuja ile sini ya kitandani, nguo za kulalia, Esteve anawachezesha, wote wanarukaruka, na kilio.

Unaona mpangilio? Kwanza kaambiwa ukweli. Kisha kacheka. Akiwa katikati ya kicheko, mikononi mwa watu ambao ameshawajaribu kwa kila aina ya ubaya na hawakumrudisha Barcelona, mwili umeachia. Wahakiki wengi wanasema analia kwa sababu amekumbuka mama. Mi sikubaliani nao kabisa, mama alimkumbuka kila siku, zile sigara za msituni ni nini kama sio kumkumbuka. Alikuwa hana pa kulilia.

Kuhusu waigizaji watoto, najua utauliza Laia Artigas aliwezaje, maana hata mimi nilijiuliza. Simón hakuwakaririsha watoto skripti. Aliwaweka pamoja na wale wazazi wa kuigiza kabla ya kurekodi, wakacheza, wakaishi mambo ya familia mpaka wakawa na historia yao, na wakati wa kurekodi shoti zinakuwa ndefu, dairekta akiwachombeza maneno kutoka nyuma ya kamera. Ndo maana mikono ya Frida na Anna ikigusana inagusana kama ndugu. Na kitu kingine, wewe umeandika "Kihispania chao sikukielewa hata kidogo", sio Kihispania hicho dada, wanaongea Kikatalani, estiu ni kiangazi kwa Kikatalani. Simón hakutaka familia yake iongee lugha isiyokuwa ya nyumbani, na mwaka 2022 aliporudi na Alcarràs, ya familia ya wakulima wa mapichi wanaonyang'anywa shamba, akashinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, kwa Kikatalani hichohicho. Ya 2025 inaitwa Romería, binti wa miaka kumi na nane yatima anakwenda Vigo kuwatafuta ndugu wa upande wa baba ambao hakuwahi kukutana nao, na ukiiangalia mara baada ya Estiu 1993 ni kama Frida amekua na sasa anauliza maswali makubwa zaidi kwa watu wenye milango migumu zaidi.

Sasa mtoto wako. Mimi ni mtu wa filamu, sio mshauri wa watoto, kwa hiyo kama unaona halali usingizi, hali chakula, au kanyamaza kupita kawaida, tafuta mtu wa kazi hiyo, ustawi wa jamii wapo hapo wilayani, na usisubiri. Lakini kuhusu muvi umeniuliza kama umwonyeshe. Kwa miaka minane mi nisingeanza kumwonyesha yote peke yake. Maandishi ya chini yatampita, na ile ya msituni inaweza kumtisha au kumpa aibu kama na yeye ana kituko alichofanya ambacho hujakijua. Ila ile sini ya kujipamba na manyoya, dakika chache tu, kaeni wote, wewe naye na wanao, muangalie kama mnaangalia katuni, usiulize chochote. Akicheka, acheke. Akikuuliza kitu juu ya mama yake, hata kama ni katikati ya kupika, zima jiko ujibu unachokijua kwa maneno madogo, na mumeo mjomba mtu awepo karibu ila jibu wewe kama kakuuliza wewe.

Na mama mkwe akikwambia kazoea, sina la kumsemea vibaya, naye kafiwa na binti yake, na kwenye muvi pia yule bibi ukimwangalia mara ya pili unaona mikono yake haitulii, anamkumbatia mjukuu kwa nguvu kuliko mtoto anavyoweza kubeba kwa sababu kwenye yule mtoto kuna binti aliyezikwa. Mara ya kwanza sikuliona hilo, nilikuwa nimeshachukua upande wa Marga.

Ukiirudia, irudie usiku watoto wakilala, na anzia pale kwenye fataki. Weka sauti juu kidogo maana yule mtoto wa kiume anauliza kwa sauti ndogo na mlipuko mmoja unaweza kulimeza swali lake.